Kupima Maoni ya Vijana wa Arusha Kabla ya Kura za Maoni: Wanamtaka Nani, na Nani Kati Yao Atafika Kupiga Kura

Tafiti nyingi za vijana kabla ya kura za maoni huharibikia mahali pamoja. Wahojaji wanarudi na madodoso yaliyojaa, jina moja linaongoza kwa mbali, halafu siku ya kura linatoka jina jingine. Watu hukimbilia kusema vijana walidanganya. Mara nyingi hawakudanganya. Waliohojiwa na waliopiga kura walikuwa watu tofauti.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa vyuo, redio, asasi na timu za watia nia wanaotaka kujua hali ilivyo. Mfano ni wa Jiji la Arusha. Ukiwa Moshi, badilisha orodha ya mitaa tu. Hesabu ni zilezile.

Tuelewane kwanza kuhusu neno moja. Hapa "kura za maoni" ni uchaguzi wa ndani ya chama wa kupata mgombea. Kazi yetu tutaiita "utafiti wa maoni". Shika tofauti hiyo hata mlangoni kwa mtu, maana kijana akisikia "kura ya maoni" anaweza kudhani unamuuliza habari za Katiba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Wahojaji 8 na wasimamizi 2. Nusu ya wahojaji wawe wanawake.
- Simu 8 za Android zenye KoboToolbox, programu ya madodoso ambayo hujazwa bila intaneti na kutuma majibu baadaye. Ongeza pawabenki 8 na madodoso 50 ya karatasi ya akiba.
- Orodha ya mitaa yote ya jiji pamoja na idadi ya kaya za kila mtaa.
- Majedwali ya Sensa ya 2022 yanayoonyesha umri na jinsi.
- Karatasi za kura 520 zenye majina ya watia nia, zikiwa na mipangilio 4 tofauti ya majina, na bahasha 520.
- Daftari la milango, moja kwa kila mhojaji.
- Barua za vibali, nakala moja kwa kila mhojaji, na vitambulisho vya shingoni.
- Nauli na chakula cha siku 10 za kazi, pamoja na siku 2 za kurudia milango iliyofungwa.

Mavazi nayo yapangwe mapema. Shati la kijani, la njano, kombati, au rangi yoyote ya chama libaki nyumbani. Mhojiwa husoma nguo zako kabla hujafungua mdomo.

## Hatua ya 1: Andika kwa sentensi moja nani ana haki ya kupiga kura hiyo

Hapa ndipo kazi nyingi hufa kabla hazijaanza. Kura za maoni zetu hazipigwi na kila raia mwenye kadi ya mpiga kura. Hupigwa na wanachama au wajumbe, kwa kadiri ya kanuni za chama husika, kisha vikao vya juu vya chama hufanya uteuzi wa mwisho. Kijana anaweza kumpenda mtia nia kwa moyo wote na asiwe na karatasi ya kura ukumbini.

Marekani utaratibu ni mwingine. Katika majimbo kama Michigan, mpiga kura hajiandikishi kwa chama. Anachagua siku ileile atashiriki kura za chama gani. Machi 2016, katika kura za kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic, tafiti za Michigan zilimpa Hillary Clinton uongozi wa takribani pointi 20 (pointi 1 ni asilimia 1) dhidi ya Bernie Sanders, na Sanders akashinda kwa zaidi kidogo ya pointi 1. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba vijana walikadiriwa wachache kuliko waliojitokeza. Miaka 4 baadaye mambo yakageuka: wimbi la vijana alilolitegemea Sanders halikufika kwa ukubwa aliotarajia, naye akakiri hadharani. Kosa la mahudhurio huenda pande zote mbili, na huwezi kulirekebisha kwa kupunguza vijana kwa mazoea.

Chukua kanuni za chama unachokipima, soma kifungu cha nani anapiga kura, kisha andika, kwa mfano: "Watakaopiga kura ni wajumbe wa mikutano ya matawi." Ikiwa wapiga kura wote ni wajumbe mia chache, utafiti wa nyumba kwa nyumba haukufai. Tafuta njia ya kuzungumza na wajumbe wenyewe.

Amua na umri. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inahesabu miaka 15 hadi 35, na haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu inaanza miaka 18. Chukua 18 hadi 35, lakini andika umri kamili wa kila mtu. Ukiandika "18–35" tu, baadaye hutaweza kumtenganisha wa miaka 19 na wa miaka 34, na hao hawafanani hata kidogo.

## Hatua ya 2: Vibali

Pata barua ya utambulisho ya taasisi yako, kibali cha utafiti pale kinapohitajika, barua ya halmashauri, kisha ripoti kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mtaa. Soma Sheria ya Takwimu kama ilivyorekebishwa kabla ya kuchapisha namba yoyote. Soma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa sababu msimamo wa kisiasa wa mtu ni taarifa nyeti. Anza wiki kadhaa kabla.

Onyo: shukuru ofisi ya mtaa kwa mapokezi, lakini usikubali mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi aongozane nawe mlangoni. Balozi ni mtu wa chama. Akisimama pembeni, utapata majibu ya heshima na hutapata maoni.

## Hatua ya 3: Ukubwa wa sampuli

Lenga vijana 480: mitaa 48, vijana 10 kila mtaa. Wahojaji 8 wakifanya mahojiano 6 kwa siku, kazi inakamilika kwa siku 10.

Kwa sampuli ya bahati tupu, yaani kila mtu amechaguliwa peke yake, watu 480 wana kiwango cha makosa cha pointi 4.5 juu na chini. Lakini wewe unachukua watu 10 wa mtaa mmoja, na majirani hufanana. Kadiria kwamba sampuli yako ina nguvu ya watu 320 hivi, na kiwango cha makosa kinakuwa pointi 5.5. Tofauti kati ya watia nia wawili ina makosa makubwa zaidi, karibu pointi 10. Anayeongoza kwa pointi 4 haongozi.

## Hatua ya 4: Chagua mitaa kwa namba

Panga mitaa yote kwenye orodha na jumlisha kaya ukishuka chini. Tuchukulie jumla ni kaya 144,000. Gawa kwa 48, unapata 3,000. Chagua namba moja kwa bahati kati ya 1 na 3,000, tuseme 1,270. Mtaa unaobeba kaya ya 1,270 umeingia, kisha wa 4,270, wa 7,270, hadi mwisho. Kwa njia hii mtaa mkubwa una nafasi kubwa, na Muriet au Olasiti za pembeni haziachwi kwa sababu nauli ni kubwa.

Usichague vijiwe. Ukikaa stendi na soko la Kilombero utapata vijana 100 kwa siku, karibu wote wanaume na karibu wote wa kazi moja. Binti anayefanya kazi za ndani Njiro hutamwona hapo. Kura ya kwenye kundi la WhatsApp ni mbaya zaidi: inapima nani ana marafiki wengi kwenye kundi.

## Hatua ya 5: Lango si kaya

Simama mbele ya nyumba ya kupanga Ngarenaro au Unga Limited. Lango moja la bati. Ndani kuna uwanja, bomba, kamba za nguo, na milango 9 kuzunguka, kila mmoja na kufuli lake. Mhojaji mvivu huandika "nyumba 1", anaongea na mama mwenye nyumba, anasonga mbele. Amewafuta wapangaji 8, na wapangaji wa chumba kimoja ndiko vijana waliko.

Fanya hivi. Ukiingia langoni, geukia kushoto na uhesabu milango kwa kufuata ukuta hadi urudi langoni. Kila mlango wenye sufuria zake ni kaya. Iandike yote kwenye daftari la milango, iliyo wazi na iliyofungwa. Kisha ruka kwa hatua uliyopangiwa, tuseme kila kaya ya 7, ukiendelea na hesabu kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kuanza upya.

Ndani ya kaya, uliza wanaishi vijana wangapi wa miaka 18 hadi 35, wakiwemo wasiokuwepo sasa hivi. Mchague yule ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayokuja karibu zaidi. Andika idadi yao, utaihitaji kwenye hesabu. Asiyekuwepo habadilishwi na mdogo wake aliyekaa barazani.

Akifungua mtu mzima, anza na heshima yake: "Shikamoo mama. Tunafanya utafiti wa maoni ya vijana, ofisi ya mtaa ina taarifa zetu. Hatutoki chama chochote. Naomba kujua kama hapa kuna vijana wanaoishi." Mama akiridhika, kijana atakaa kwa utulivu.

Mlango uliofungwa. Rudi mara 3 kwa nyakati tofauti: asubuhi kabla ya saa 1, jioni baada ya saa 12, na Jumapili mchana. Bodaboda, machinga na mafundi hawapo nyumbani saa 5 asubuhi.

Arusha na Moshi kuna jambo ambalo miongozo ya kwingine haina. Mwaka 2020 CCM ilifanya kura za maoni za ubunge mwezi Julai, mwaka 2025 mwezi Agosti. Hiyo ni kilele cha msimu wa watalii. Mpagazi aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hayupo kwa siku 6 au 7. Dereva wa safari yuko Serengeti. Mwanaapolo, mchimba tanzanite, yuko Mirerani. Ukiwaacha, umepoteza kundi kubwa la vijana wenye kipato. Waulize wa nyumbani anarudi lini, weka tarehe kwenye daftari, na tumia zile siku 2 za ziada kwa ajili yao.

Dalili ya mafanikio: kwa kila mtaa unaweza kueleza milango mingapi ilichaguliwa, mingapi ilijibu, mingapi ilikataa na mingapi haikufunguka. Mtaa usiokuwa na hata mmoja aliyekataa, ukague upya.

## Hatua ya 6: Maswali ya mahudhurio

Ukimuuliza kijana "Utakwenda kupiga kura?" atasema ndiyo. Ni adabu. Uliza vitendo, na uviulize kabla ya jina la mtia nia yeyote. Kila jibu zuri lina alama 1:

1. Una kadi ya chama? (Aione mhojaji, au kijana ataje alikoiweka bila kusita.)
2. Tawi lako linaitwaje na ofisi yake iko wapi?
3. Una nafasi ya kupiga kura hizi kwa kanuni za chama, kama mwanachama au mjumbe?
4. Umehudhuria mkutano wowote wa tawi katika miezi 12 iliyopita?
5. Kura zitapigwa tarehe gani?
6. Siku hiyo utakuwa wapi kuanzia asubuhi, na utafikaje ukumbini?

Swali la 6 ndilo lenye uzito. Kijana anayejibu "nitaomba ruhusa kwa bosi" bado hajaomba. Anayejibu "nitapita na Hiace ya saa 2, mkutano uko shuleni" ameshaiona siku yenyewe kichwani. Andika jibu kama alivyolisema, alama utaweka jioni.

Usiseme "Kama raia mwema, je utashiriki?" Swali hilo limeshajijibu.

## Hatua ya 7: Jina la mtia nia liwe siri

Chumba kimoja kina masikio mengi. Kaka yupo, mpangaji mwenza yupo, redio imezimwa ghafla ili wote wasikie. Mpe kijana karatasi yenye majina yote, pamoja na "Sijaamua" na "Hakuna kati yao". Geuza mgongo. Aweke alama, akunje, atie kwenye bahasha na aifunge mwenyewe.

Bahasha ina msimbo uleule wa dodoso. Mweleze ukweli huo: msimbo unaunganisha karatasi na majibu yake, na jina lake haliandikwi popote. Akisoma kwa shida, msomee majina yote mara 2 kwa sauti ileile, akionyeshwa kila mstari kwa kidole.

Mipangilio 4 ya majina ina sababu: asiye na uhakika hupenda kuweka alama kwenye jina la juu.

Fanya majaribio kwa vijana 20 kwenye mtaa ambao haukuchaguliwa. Mahojiano mazuri huchukua dakika 12 hadi 15. Yakifika 25, punguza maswali. Kijana aliyechoka hujibu chochote ili uondoke.

## Hatua ya 8: Kagua kila jioni

Msimamizi arudi kwenye mahojiano 48 kati ya 480, aulize maswali 3 tu: ulihojiwa, ulipewa bahasha, una umri gani. Tazama muda uliorekodiwa na simu. Dodoso la dakika 3 limejazwa chini ya mwembe. Mhojaji ambaye watu wake wote wanampenda mtia nia mmoja huenda amepata mtaa wa namna hiyo, au huenda anawasaidia kuchagua. Mbadilishie mtaa kesho na uone.

## Hatua ya 9: Rekebisha uzito

Kwanza, kijana aliyechaguliwa kati ya wanne wa kaya anawakilisha wanne. Aliye peke yake anajiwakilisha. Mpe kila mmoja uzito wa idadi hiyo, lakini weka ukomo wa 4 ili kaya moja isimeze nyingine.

Kisha linganisha jinsi na sensa. Tuseme umepata wanaume 65% na wanawake 35%, wakati jedwali linaonyesha 48 na 52. Uzito wa mwanamke ni 52 ÷ 35 = 1.49, wa mwanaume 48 ÷ 65 = 0.74. Ikiwa mtia nia anapendwa na 50% ya wanaume na 30% ya wanawake, hesabu ghafi inampa 43%. Baada ya uzito anapata 39.6%.

Uzito ukizidi 2 kwa kundi lolote, hesabu haitakuokoa. Rudi mtaani ukawatafute waliokosekana.

## Hatua ya 10: Kutoka kupendwa hadi kupigiwa kura

Chukua alama za Hatua ya 6 na ugawe vijana makundi matatu. Uzito wa kuanzia, yaani sehemu ya kila kundi unayokadiria itafika: alama 5–6 wapewe 0.8, alama 3–4 wapewe 0.4, alama 0–2 wapewe 0.1. Ni makadirio ya kufanyia kazi, na utayaboresha. Mfano wa namba za kubuni, watia nia wawili tuwaite A na B:

- Alama 5–6, vijana 90: A 30, B 48, wengine 12.
- Alama 3–4, vijana 160: A 64, B 56, wengine 40.
- Alama 0–2, vijana 230: A 122, B 60, wengine 48.

Kwa kupendwa, A ana 216 kati ya 480, yaani 45%. B ana 164, yaani 34%. A anaongoza kwa pointi 11.

Sasa zidisha kwa uzito. A: 24 + 25.6 + 12.2 = 61.8. B: 38.4 + 22.4 + 6 = 66.8. Wengine: 30.4. Jumla ni 159. A amekuwa na 38.9%, B 42.0%. Na 159 kwa 480 ni 33%, ndiyo makadirio yako ya mahudhurio.

Usiandike kwamba B anashinda. Kwa uzito huu sampuli yako imebaki na nguvu ya watu 200 hivi, na kiwango cha makosa kimepanda hadi pointi 7. Wamekabana. Unachojua kwa hakika ni kwamba uongozi wa A umekaa kwa vijana wenye alama 0–2, na timu ya A ikisikia hilo mapema ina kazi ya kufanya.

Rudia hesabu kwa uzito mwingine, kama 0.9, 0.5, 0.2, kisha 0.7, 0.3, 0.05. Jibu likiyumba, sema limeyumba.

## Hatua ya 11: Kutoa matokeo

Toa namba mbili bila kuzichanganya: vijana wanamtaka nani, na vijana watakaofika wanamtaka nani. Pamoja nazo andika tarehe za kazi, idadi ya waliohojiwa, jinsi mitaa ilivyochaguliwa, swali lenyewe neno kwa neno, kiwango cha makosa, waliokataa, na nani amelipia. Mtia nia akilipia, aandikwe.

Usitoe asilimia za kata moja. Kata iliyopata vijana 20 haina asilimia.

Watia nia wakichujwa baada ya kazi yako kwisha, matokeo yaliyokuwa na majina yao yamepitwa. Usigawe kura zao kwa kukisia. Rudi kwa wale waliowachagua na uwaulize upya.

## Hatua ya 12: Baada ya kura

Mwisho wa mahojiano, omba namba ya simu kwa anayeridhia tu. Iandike kwenye karatasi ya pembeni yenye msimbo, ikae kwa msimamizi mmoja chini ya ufunguo.

Ndani ya siku 7 baada ya kura, wapigie. Uliza jambo moja: "Wengi walishindwa kufika siku ile kwa sababu ya kazi au safari. Wewe ilikuwaje?" Swali hilo linampa mtu nafasi ya kusema hakwenda bila aibu. Hesabu wangapi wa alama 5–6 walifika, wangapi wa 3–4, wangapi wa 0–2. Viwango hivyo, si 0.8, 0.4 na 0.1, ndivyo utakavyoanza navyo mara nyingine, na ni vya Arusha. Ukimaliza kupiga simu, choma karatasi ya namba.